Daftari Likizeeka, Anayeumia ni Mwenye Mali

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga, na mkulima anayengoja matone ya kwanza ndipo atafute jembe hujikuta ameachwa nyuma na majira. Methali hii inazihusu pia taasisi zetu. Chama au kampuni haianguki kwa siku moja kwa sababu njia zake za kuweka hesabu na kumbukumbu zimechakaa. Mawingu hutanda kwa miaka mingi: foleni isiyosonga dirishani, stakabadhi zisizoonekana, karani anayesema "njoo kesho", na mkutano mkuu unaovunjika kwa kelele kwa kuwa hakuna anayeziamini tarakimu zilizosomwa. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu tumeyazoea mawingu hayo hata tukadhani ndiyo hali ya hewa ya kawaida.

Mtu akitaja kampuni na mkakati wake wa teknolojia ya habari, fikira za wengi hukimbilia majumba marefu ya Nairobi. Naomba leo tuzielekeze kwingine. Katika eneo la mashariki ya Mlima Kenya, kutoka Embu na Runyenjes hadi Nkubu, Meru na Maua, mashirika yanayogusa maisha ya watu wengi ni vyama vya ushirika vya kahawa, viwanda vya majanichai na vyama vya akiba na mikopo. Wenye mali humo ni wakulima na walimu. Karo ya mwanafunzi hutoka humo. Malipo ya kahawa yakichelewa, dawati hubaki tupu. Mkopo wa mwalimu ukiandikwa visivyo, mshahara wake hukatwa mwezi baada ya mwezi huku akitumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kwa hivyo, suala la iwapo chama kinahitaji kubadili njia zake za kutunza habari haliwezi kuachiwa mafundi wa tarakilishi peke yao.

Je, tutatambuaje kwamba wakati wa kubadilika umewadia? Wapo wanaotazama umri wa mashine. Wakiona tarakilishi kuukuu, husema chama kimezeeka. Wakiona mpya inayong'aa, husema chama kimeendelea. Mimi nashikilia kwamba kipimo cha haki ni swali la mwenye mali. Mwanachama akiuliza jambo linalomhusu, je, anapata jibu la kweli kabla wakati wa kulitumia haujapita? Chama kinachoweza kumjibu kwa daftari na kalamu hakijapitwa na wakati. Kisichoweza kumjibu kimepitwa na wakati hata kikiwa na chumba kizima cha mitambo.

Ili tuelewane vyema, yafaa tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wachache wa Meru na Embu, pamoja na wenzao wa Kisii, kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamelihodhi. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1945, na baadaye mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vilifungua mlango zaidi, na kilimo hicho kikaenea vijijini. Chama cha siku hizo kilihitaji vitu vitatu: mizani, kitabu cha stakabadhi na leja. Mkulima alileta kahawa mbivu kiwandani, karani akaipima, akaandika kilo, akampa karatasi na kubaki na nakala ya kaboni. Huo ulikuwa mkakati wa teknolojia wa zama zile, nao ulikuwa mkakati mzuri. Mkulima asiyejua kusoma alirudi nyumbani na ushahidi mkononi, na mwanawe aliyekuwa shuleni aliweza kumsomea jioni.

Leja ile haikuharibika. Yaliyobadilika ni maswali inayoulizwa. Ilitengenezwa kujibu swali moja tu: fulani alileta kilo ngapi msimu huu? Leo maswali ni mengi, na mengine yanatoka mbali. Hapo ndipo ninapoiona dalili ya kwanza, nayo ni kwamba maswali ya nje huanza kuushinda uwezo wa daftari la ndani.

Chukua mfano wa malipo. Tangu mwaka 2023, mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaoendeshwa kupitia Benki ya Ushirika umekusudiwa kuzifikisha fedha za mauzo ya kahawa kwa mkulima bila kupitia mikono mingi. Nia ni njema. Lakini fedha hizo hazijui kutafuta mtu kwa kuuliza majirani. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya akaunti na kilo lazima vioane. Ikiwa sajili ya chama ingali na jina la babu aliyefariki, ilhali anayechuma kahawa ni mjukuu, mfumo wa kisasa utakwama mbele ya sajili ya kale. Mjukuu atalaumu benki, benki itaelekeza kidole kwa chama, na chama kitamtuma mjukuu kwa chifu kutafuta barua.

Mfano wa pili unatoka ng'ambo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuuzwa huko kwa kahawa, miongoni mwa bidhaa nyingine, iliyotoka katika ardhi ambayo misitu yake ilifyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi atatakiwa aonyeshe shamba hasa ambako kahawa ilikuzwa, kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Kwa shamba la ekari chache kama yalivyo mengi ya Meru na Embu, nukta moja yatosha. Utekelezaji wa sheria hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, na wapo viongozi wa vyama waliopumua waliposikia hivyo. Mimi naona wamepewa muda wa kujiandaa, na muda huo una mwisho. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya huuzwa Ulaya. Karani awe na mwandiko mzuri namna gani, nakala ya kaboni haiwezi kusema shamba la fulani liko wapi juu ya uso wa dunia.

Dalili ya pili hupatikana ndani ya ofisi yenyewe. Hesabu ni mara ngapi tarakimu moja inanakiliwa kwa mkono. Uzito husomwa kwenye mizani, ukaandikwa katika stakabadhi, ukahamishiwa kitabu cha kiwanda, ukapelekwa kwenye leja ya makao makuu, na mwishowe ukaingizwa katika tarakilishi. Kila unakili ni mlango, na katika kila mlango huweza kupita kosa, usingizi au hila. Tisa inageuka saba. Nusu kilo inapotea kwa jina la "kukamilisha hesabu". Tarakilishi iliyowekwa mwishoni mwa safari hiyo ndefu haisaidii sana, kwa maana inapokea makosa yote yaliyokwisha kufanyika na kuyachapisha kwa herufi safi. Hapo imekuwa taipureta ya bei ghali.

Linganisha na majanichai. Katika vituo vya kununulia majani vya viwanda vilivyo chini ya KTDA, mizani ya kielektroniki imetumika kwa miaka mingi sasa. Mkulima wa eneo la Mungania au Rukuriri huko Embu, au wa Githongo au Kionyo huko Meru, hupewa karatasi iliyochapishwa papo hapo, na tarakimu ile ile husafiri hadi kwenye hesabu za kiwanda bila kuandikwa upya. Sisemi kwamba mizani hiyo imemaliza malalamiko ya bei na bonasi, la hasha. Mizani hujibu swali moja tu, yaani uzito, nayo pia yahitaji kukaguliwa kama mizani nyingine yoyote. Ubora wake ni kwamba ilianza mahali habari inapozaliwa, pale mkulima anaposhusha gunia. Chama kinachotaka kujirekebisha kianzie hapo, si kwenye meza ya mwenyekiti.

Dalili ya tatu ni kumbukumbu inayokaa katika kichwa cha mtu mmoja. Huko Nchiru, katika Meru, kuna nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee linaloheshimika tangu kale. Wazee hao waliamua mambo mazito bila leja, lakini walikuwa na hekima ambayo ofisi nyingi za leo zimeipoteza: jambo lilisemwa mbele ya wengi, na likakumbukwa na wengi. Mmoja akifariki, wenzake walibaki nalo. Sasa tazama chama ambacho mhasibu mmoja ndiye anayejua neno la siri la tarakilishi, ndiye aliyetengeneza jedwali la mikopo, na ndiye pekee anayeelewa kwa nini safu fulani imepakwa rangi nyekundu. Akiugua, ofisi nzima inaugua. Akistaafu, kumbukumbu za chama zinastaafu naye. Akikosana na halmashauri, mali ya watu imo mashakani. Chama cha namna hiyo kimerudi nyuma kuliko wazee wa kale, ijapokuwa kina umeme.

Dalili ya nne hudharauliwa zaidi ya zote. Ni vichochoro ambavyo wafanyakazi na wanachama hujitengenezea ili waikwepe njia rasmi. Karani wa kiwanda ana daftari lake la shule ambalo ndilo analoliamini. Wanachama wana kundi la WhatsApp wanakopashana habari za malipo siku tatu kabla ya tangazo la ofisi. Mwalimu anampigia mweka hazina katika simu yake binafsi kwa sababu anajua ofisini hatajibiwa. Viongozi wengi huviona vichochoro hivyo kuwa utovu wa nidhamu na kuvipiga marufuku. Kwa maoni yangu, kila kichochoro ni ripoti ya bure inayoeleza njia kuu imeziba wapi. Kabla ya kumlipa mshauri kutoka mjini, halmashauri ingeketi na makarani wake nusu siku na kuwauliza: ni nini mnachokiandika pembeni, na kwa nini?

Wenye miraa wa Igembe na wenye muguka wa Mbeere wanaweza kutufunza jambo katika hili. Biashara yao haikungoja mkakati wa ofisi yoyote. Jani hupoteza thamani yake katika siku chache, kwa hivyo habari za bei, wingi na gari lazima zitangulie mzigo. Simu ya mkononi ilipofika wakaikumbatia, na M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wafanyabiashara kama hao walipata njia ya kulipana mzigo ungali barabarani. Walilazimishwa na jani lenyewe. Kasi ya habari ililingana na kasi ya hasara. Katika kahawa, mbivu lazima imenywe upesi baada ya kuchumwa, na kila kiwanda kinajua hivyo. Ila kosa katika hesabu ya mkulima huweza kulala miezi mingi bila kugunduliwa, na likigunduliwa, fedha zimekwisha gawanywa. Kwa kuwa hasara hiyo hainuki, hakuna anayekimbia.

Niwageukie sasa walimu wenzangu katika jambo lililo karibu nao. Vyama vya akiba na mikopo vya eneo hili vina mizizi katika taaluma yetu: Winas ya Embu na Solution ya Meru vilianza vikiwa vyama vya walimu kabla ya kufungua milango kwa watu wengine. Sheria ya mwaka 2008 ilileta mamlaka ya SASRA, na vyama vinavyopokea amana vikatakiwa kutimiza masharti ya mtaji, ukwasi na taarifa za mara kwa mara. Hayo yalisukuma vyama vingi kote nchini kuacha leja na kununua programu za kibenki. Leo mwanachama wa chama kama hicho hutarajia kuona salio lake kwenye simu.

Hata hivyo, nawaonya wasomaji kuhusu rangi ya nje. Ni rahisi kwa chama chochote kuwapa wanachama huduma ya simu huku hesabu za ndani zikisubiri mwisho wa mwezi ndipo zipatanishwe. Dalili yake ni hii: salio la kwenye simu halilingani na la kwenye karatasi ya ofisini, na ukiuliza, unaambiwa kwamba "mfumo haujasasishwa". Mwalimu anayesahihisha mtihani hawezi kukubali majibu mawili kwa swali moja la hesabu. Kwa nini ayakubali katika akiba yake?

Hapana budi pia kutaja upande wa pili wa shilingi. Kuna mabadiliko yanayofanywa kwa pupa na kwa fahari. Wasimamizi wa uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, wengi wao wakiwa walimu, hawajasahau vifaa vya kutambua wapigakura kwa alama za vidole vilivyozimika katika vituo vingi. Betri ziliisha, na katika baadhi ya madarasa yaliyotumika hapakuwa na pa kuchomeka waya. Vifaa vilikuwa vya kisasa; maandalizi ndiyo yaliyokuwa duni. Watu walirudi kwenye sajili ya karatasi, na heri ilikuwapo. Kila halmashauri inayofikiria kununua mitambo ikumbuke siku hiyo. Iulize kwanza kuhusu umeme wa kiwandani, mtandao wa bondeni, na mkulima mkongwe asiye na simu. Stakabadhi ya karatasi isiondolewe mkononi mwa mkulima hata kidogo, kwa sababu huo ndio ushahidi wake siku ya ubishi.

Aidha, tusidanganyike kwamba programu huleta uaminifu. Ukaguzi maalumu wa kampuni ya PwC katika muungano wa kitaifa wa vyama vya akiba na mikopo, KUSCCO, ambao matokeo yake yalifahamika kwa umma kufikia mapema mwaka 2025, ulibainisha kupotea kwa takriban Sh13.3 bilioni na hesabu zilizotiwa chumvi kwa miaka. Vyama vilivyoweka fedha za wanachama wao huko vilijua ukweli kwa kuchelewa. Asiyekuwa mwaminifu hupika tarakimu katika tarakilishi kama alivyozipika katika leja. Faida ya mfumo mzuri ni kwamba humwacha mwizi na mahali pachache pa kujificha, lakini ikiwa tu wapo wanaotazama. Na wanaopaswa kutazama ni wanachama.

Najua jibu litakalotolewa: fedha ziko wapi? Hoja hiyo ina uzito. Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1997 kulegeza mkono wa serikali, vyama vingi vikubwa vya kahawa viligawanyika vipande vipande, na kila kipande kikabaki na ofisi yake, mhasibu wake na deni lake. Chama kidogo hakiwezi kununua mfumo kamili peke yake, na kikikopa ili kununua, mkulima ndiye atakayelipa kwa kilo zake. Lakini vyama hivyo hivyo vidogo hupeleka kahawa yao kukobolewa katika mashine moja na huuza katika mnada mmoja. Ni nini kinachozuia vyama jirani, kwa mfano vya Runyenjes au vya Imenti, kutumia sajili moja ya pamoja na kugawana gharama, huku kila kimoja kikihifadhi hesabu zake? Kikwazo, nachelea kusema, mara nyingi ni kiburi cha viongozi na woga wao wa kuonekana.

Kwa hivyo, katika mkutano mkuu ujao, mwanachama asikubali kusomewa jumla na kupewa soda. Na aulize maswali haya. Nikitaka kujua salio langu leo, nitajibiwa baada ya muda gani? Tarakimu yangu inanakiliwa mara ngapi kabla ya kufika benki? Mhasibu akiwa likizoni, ni nani anayeweza kufanya kazi yake? Nakala ya akiba ya kumbukumbu zetu imewekwa wapi, na ni lini mara ya mwisho ilijaribiwa ikaonekana kwamba inafunguka? Mkataba na kampuni iliyotuuzia programu ukimalizika, je, tutaondoka na data zetu au tutaachiwa mashine tupu? Swali hili la mwisho ni zito. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki juu ya habari zake, lakini haki isiyodaiwa hulala kama mbegu ghalani. Chama kinachoshindwa kujibu maswali mawili au matatu kati ya haya kimekwisha chelewa, na kianze kujirekebisha msimu huu.

Hapa shule na vyuo vyetu vina kazi ya kufanya. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati mwaka 2013, kiko Nchiru, si mbali na nyumba ya wazee niliowataja. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati yake mwaka 2016. Vyote viwili hufundisha masomo ya tarakilishi katikati ya mashamba ya watu wenye shida hii hasa. Mwanafunzi anayetafuta mahali pa mafunzo ya kazini asidhani kwamba lazima apande gari la Nairobi. Chama cha kahawa kilicho kilomita chache kutoka chuoni kinahitaji mtu wa kusafisha sajili, kuondoa majina yaliyojirudia na kuwaandikisha warithi. Mwalimu wa jiografia wa shule ya upili anaweza kuwafundisha wanafunzi latitudo na longitudo kwa kupima mashamba ya wazazi wao, kwa idhini ya wazazi hao, na mwalimu wa masomo ya biashara anaweza kuleta darasani stakabadhi halisi na kuifuata hadi mwisho wa safari yake.

Zaidi ya hayo, mwalimu ni mtu anayesikilizwa katika mkutano wa kijiji. Mara nyingi ndiye anayechaguliwa kuwa katibu, kwa vile mwandiko wake unasomeka. Akinyamaza, mkulima atadhani kwamba mambo ni shwari. Akisimama na kuuliza kwa adabu, kwa tarakimu na bila woga, viongozi watalazimika kutafuta majibu. Msimu wa kahawa hauchelewi kufika, na karo ya muhula ujao itadaiwa siku ile ile ya kufungua shule, iwe hesabu za chama ziko tayari au haziko.